Hitilafu ya umeme ina hesabu yake

Ndugu Mhariri,

Nyumba au duka likiungua, habari inayochapishwa mara nyingi hutaja kuwa chanzo ni hitilafu ya umeme, kisha inaishia hapo. Msomaji hapati namna ya kujua hitilafu hiyo ilikuwa ya aina gani, ilikaa sehemu gani ya nyumba, wala kama kwake nako ipo. Sisi ni mafundi wa umeme wa majumbani. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tueleze jambo moja: hitilafu inayochoma polepole, ile isiyo na shoti wala mlio, huweza kuonekana kwenye mita muda mrefu kabla ya moshi, na hesabu yake ni ya kuzidisha na kugawanya tu.

Kanuni zenyewe ni za zamani. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni ambayo leo shuleni inafundishwa hivi: volti ni sawa na ampea mara omu. Volti ni msukumo, ampea ni kiasi cha mkondo unaopita, na omu ni ukinzani, yaani jinsi waya au kifaa kinavyoubana mkondo huo. Kwa hiyo ukigawa volti kwa ampea unapata omu. Nguvu, inayopimwa kwa wati, ni volti mara ampea. Kutokana na hizo mbili zinapatikana nyingine mbili: wati ni volti mara volti kugawa kwa omu, na wati ni ampea mara ampea mara omu. Hii ya mwisho Mwingereza James Joule aliionyesha kwa vipimo vya joto la waya mwaka 1841, na kwa usalama wa nyumba ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu ampea zinaingia mara mbili. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto kwenye waya uleule linaongezeka mara nne.

Tuchukue birika la umeme. Chini ya mabirika mengi kuna maandishi "220–240V, 1850–2200W". Wengi hudhani hiyo ni namna ya kiwanda kujihami, lakini ni hesabu kamili. Volti 220 mara 220 kugawa kwa wati 1850 ni omu 26.2. Volti 240 mara 240 kugawa kwa wati 2200 ni omu 26.2 vilevile. Koili, yaani waya wa ndani unaotoa joto, ni ileile moja, ukinzani ni uleule. Kinachobadilika ni volti zinazoletwa. Kwa volti 230, ambazo ndizo kiwango cha umeme wa majumbani Tanzania, birika hilo litavuta ampea 8.78 na kutoa wati 2019. Umeme ukishuka hadi volti 180, wati zinabaki 1237. Maji yaliyokuwa yanachemka kwa dakika tano sasa yatahitaji dakika nane na zaidi, na uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, hazitapungua, kwa kuwa maji yanahitaji joto lilelile. Umeme mdogo umekupotezea muda tu.

Omu za koili zinapimika kwa multimeta ya kawaida, mita ndogo inayopima volti, ampea na omu. Chomoa plagi kabisa, usizime swichi tu. Geuza kitufe kwenye omu, alama ya 200, ugusanishe ncha mbili za mita kwanza: zikisoma 0.3 au 0.5, hiyo ni ya nyaya za mita yenyewe, uitoe kwenye jibu. Bonyeza swichi ya birika iwe imewashwa, kisha weka ncha kwenye pini mbili za chini za plagi, ya moto (inayoleta umeme) na ya nyutro (inayourudisha). Ukiona 25 hadi 27, koili ni nzima. Mita ikionyesha "OL" au 1 upande wa kushoto peke yake, njia imekatika: koili, fyuzi ya plagi, au swichi. Ikisoma karibu na sifuri, usilichomeke tena, hiyo ni shoti inayosubiri. Halafu hamisha ncha moja kwenye pini ndefu ya ethi (ya ardhini), na mita iwekwe kwenye kipimo cha juu kabisa. Hapo isisome kitu. Hata hivyo multimeta hutumia volti chache za betri, kwa hiyo koili yenye unyevu inaweza kuonekana safi kwake. Uvujaji unathibitishwa kwa mega, kipimo kinachosukuma volti 500, na kwa waya za nyumba jibu lisipungue omu milioni moja.

Njia hii inafaa kwa vitu vya kutoa joto: birika, pasi, hita, jiko la koili. Taa ya zamani ya uzi itakudanganya, kwa sababu ikiwa baridi ukinzani wake ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya ule wa inapowaka. Taa za LED, televisheni na chaja haziwezi kusomwa kwa omu hata kidogo, soma kibandiko.

Kosa linaloua mita na wakati mwingine mtu ni kuiweka multimeta kwenye ampea, kisha kuchomeka ncha zake kwenye matundu ya soketi ili "kuona umeme una ampea ngapi". Soketi haina ampea mpaka kitu kiwashwe. Mita ikiwa kwenye ampea ina ukinzani mdogo sana, kwa hiyo umeunganisha moto na nyutro kwa kipande cha waya, na cheche inatokea mkononi mwako. Kwa ampea tumia mita ya kubana, ile yenye mdomo unaozunguka waya kwa nje, na ibane waya mmoja tu. Ukibana kebo nzima yenye moto na nyutro, mikondo miwili inafutana na mita itasoma sifuri huku hita inaunguruma.

Sasa tuje kwenye kinachochoma. Waya wa shaba nao una ukinzani. Wa milimita za mraba 1.5 una omu 12.1 kwa kila kilomita, wa 2.5 una 7.41, wa 4 una 4.61, wa 6 una 3.08, na wa 10 una 1.83. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo soketi iliyo mita 20 kutoka kwenye bodi (sanduku la breka) ina mita 40 za waya. Kwa waya wa 2.5 hiyo ni omu 0.3 hivi. Likiwashwa birika letu hapo, waya wote unapaswa kula volti 2.5 basi.

Kwa soketi ya mapacha, chomeka upande mmoja mita ya volti ya kuchomeka, zile ndogo zenye namba za kung'aa zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na upande wa pili chomeka birika lenye maji. Soma volti kabla hujaliwasha. Tuseme ni 230. Washa, usubiri nusu dakika, usome tena. Tuseme ni 218. Volti 12 zimepotea njiani. Birika lenye omu 26.2 kwenye volti 218 linavuta ampea 8.32, na volti 12 mara ampea 8.32 ni karibu wati 100. Wati 100 hizo hazikufika kwenye maji. Ziko mahali fulani baina ya nguzo na soketi, zinageuka joto. Ni wapi? Rudia kipimo hicho kwenye soketi iliyo jirani kabisa na bodi, wakati birika likiwaka kulekule mwanzo. Kama huko volti zimeshuka 2 tu, basi 2 ni za laini ya nje na za kuingilia, 2.5 ni za waya, na zilizobaki, 7.5, hazina waya wa kuzieleza. Volti 7.5 mara ampea 8.32 ni wati 62. Hizo zimekaa kwenye jointi: skrubu ya soketi iliyolegea, au nyaya zilizosokotwa na kufungwa utepe darini.

Pasi ya kulehemu ya fundi redio huwa na wati 30 hadi 60, na inayeyusha risasi. Ndani ya ukuta, nyuma ya plastiki ya soketi, pana kitu chenye joto la namna hiyo kila birika linapochemshwa.

Na sakiti breka, swichi ya kwenye bodi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi, haitakata. Hapa ndipo watu wengi, wakiwemo baadhi ya mafundi wenzetu, wanapopoteza njia. Breka ya ampea 20 inahesabu ampea, na ampea zilizopita ni 8.32, chini ya nusu ya kiwango chake. Fyuzi ya 13 ndani ya plagi nayo haioni tatizo. Jointi mbovu hata inapunguza mkondo kidogo, kwa kuwa imeongeza ukinzani kwenye njia. Kwa hiyo mtu anayesema "kwangu breka hazijawahi kukata, umeme wangu ni mzuri" amejibu swali jingine kabisa.

Jointi hiyo haibaki ilivyo. Ikipata joto shaba inatanuka, ikipoa inasinyaa, na skrubu inazidi kulegea. Uso wa shaba unaungua na kuwa mweusi, na weusi huo haupitishi umeme vizuri. Chuma cha kubana pini ndani ya soketi kikipata joto kinapoteza mkazo wake. Ukinzani unapanda, joto linapanda, na mzunguko huo unaendelea miezi kadhaa mpaka plastiki ianze kunuka kama samaki aliyeoza. Harufu hiyo bila samaki jikoni ni sababu ya kuzima meni swichi (swichi kuu) hapohapo.

Kuitengeneza si kazi ya kubana skrubu tu. Fundi azime meni swichi, athibitishe kwa mita kwamba moto haupo, akate sehemu ya waya iliyobadilika rangi mpaka afike kwenye shaba inayong'aa, amenye ganda kiasi cha kuingia kwenye tundu bila shaba kubaki nje, abane, kisha avute kila waya kwa mkono. Skrubu isikae juu ya ganda la plastiki. Ni kosa dogo la macho linaloleta joto kubwa. Soketi iliyobadilika rangi kuwa kahawia itupwe. Kusokota nyaya na kufunga utepe kuachwe, konekta ya skrubu itumike, ndani ya boksi. Shaba na alumini zisiunganishwe moja kwa moja. Yote haya ni kazi ya mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kumwita ni nafuu kuliko kuezeka upya.

Ekstensheni zina hesabu yake pia. Juu yake huandikwa 13A, na 13 mara 230 ni wati 2990. Lakini tazama waya. Mita 10 za waya mwembamba wa 0.75 ni mita 20 kwenda na kurudi, na kwa omu 26 kwa kilomita unapata omu 0.52. Weka birika na pasi ya wati 1000 kwa pamoja, ni ampea 13 hivi. Kumi na tatu mara kumi na tatu mara 0.52 ni wati 88 ndani ya waya. Ukiwa umenyooshwa sakafuni, joto hilo linatawanyika, ingawa waya utakuwa na uvuguvugu. Ukiwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake au umefunikwa na zulia, joto halina pa kwenda. Nyaya za bei ya chini sana zinazong'aa kama shaba lakini moyo wake ni alumini zina ukinzani wa takriban mara moja na nusu, kwa hiyo zidisha na joto vivyo hivyo. Kuna tabia ya kukwangua waya ili kuona rangi ya ndani kabla ya kununua. Tunaiunga mkono, ila muombe muuzaji akukatie ncha.

Shawa ya umeme ya kuogea tunaikuta mara nyingi imeungwa kwenye waya wa taa ulio karibu. Yenye wati 5500 inavuta ampea 24. Mita 15 kutoka kwenye bodi kwa waya wa 1.5 ni omu 0.363, na joto lake ni wati 209 ndani ya bomba la plastiki lililo ukutani. Kwa waya wa 6 joto hilo linashuka hadi wati 53. Shawa ya namna hiyo ipewe waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, breka yake ya 32, na isipitie kwenye plagi.

Mota ni kinyume cha birika. Umeme ukipungua, birika linavuta kidogo. Mota ya pampu au friji inajaribu kufanya kazi ileile, kwa hiyo inavuta zaidi. Pampu ya kilowati 0.75 inayovuta ampea 5.5 kwa volti 230 itavuta karibu ampea 6.8 kwa volti 185. Joto la koili linafuata mraba wa mkondo: 6.8 kugawa kwa 5.5, mara yenyewe, ni 1.53. Zaidi ya nusu imeongezeka, na varnishi ya koili ndiyo inayolipa. Kwenye mota pia volti mara ampea hazikupi wati halisi. Ni lazima uzidishe na pawa fakta, ile namba ya 0.8 au 0.85 iliyoandikwa kwenye kibati. Pampu za kisimani huweza kuungua kwa sababu ya kebo, si kwa sababu ya TANESCO, shirika la umeme. Kebo ya mita 60 ya 1.5 ina omu 1.45, na wakati wa kuanza mota huvuta ampea 30 au zaidi, kwa hiyo karibu volti 44 zinapotea kabla ya pampu kuzunguka hata mara moja. Kwa waya wa 4 zinapotea 17 tu. Pampu inayonguruma bila kuzunguka ipimwe volti kichwani mwa kisima wakati huohuo wa kunguruma kabla hujabadilisha kapasita (kifaa cha kuianzishia mota) ya tatu.

Kwa wenye sola tuna neno fupi. Waya wa 1.5 wenye urefu wa mita 10, ukipitisha ampea 5, unakula volti 1.2. Kwa umeme wa 230 hiyo ni nusu ya asilimia, hakuna anayeiona. Kwa betri ya 12 ni asilimia 10, na televisheni inazimika wakati betri bado ina chaji. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1000 kwenye betri ya 12 inavuta ampea zaidi ya 83, hivyo waya wake ni wa milimita za mraba 25 au 35, mfupi, wenye vichwa vilivyobanwa kwa mashine. Waya wa pikipiki haufai hapo.

Asiye na mita ya kubana anaweza kupima wati za kifaa kwa kutumia mita yake ya LUKU. Kwenye uso wa mita pameandikwa idadi ya mimuliko kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zima kila kitu, washa kifaa kimoja, uhesabu mimuliko ya taa nyekundu kwa dakika moja. Kwa mita ya 1000, kila mmuliko ni saa-wati moja. Ukihesabu 20 kwa dakika, zidisha kwa 60 upate wati 1200. Kwa mita ya 1600, jibu hilo uligawe kwa 1.6. Na kama umezima kila kitu na taa bado inamulika, kuna kitu kinakula au umeme unavuja. Zima breka moja moja mpaka mmuliko usimame, na umeshapata tawi lenye tatizo.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni kwamba mwandishi wako anapofika penye moto amuulize ofisa wa zimamoto au fundi aliyekagua mambo matatu. Alama ya kuungua ilianzia wapi: kwenye soketi, kwenye jointi ya darini, au katikati ya waya? Kifaa gani kilikuwa kimewashwa, na kina wati ngapi? Na sakiti breka ilikutwa imekata au bado ikiwa juu, na ni ya ampea ngapi? Breka ikikutwa juu na soketi ikiwa ndiyo iliyoungua, msomaji atajua mkondo haukuzidi, na atakwenda kukagua skrubu na plagi zake. Ikikutwa breka ya ampea 32 imefungwa kwenye waya wa taa wa 1.5, ambao unastahili ya 6 au 10, atajua waya uliachwa upike bila mlinzi, na atakwenda kusoma namba zilizoandikwa kwenye breka za nyumba yake.

Wako,
Mafundi umeme, wasomaji wako, Tanga